Koridoo Hii Itafagiwa na Nani?

Kwetu Mlolongo, shati jeupe la shule halikuanikwa nje. Mama alikuwa na sheria yake: nguo za rangi kwenye kamba ya nje, nguo nyeupe ndani, juu ya kiti, dirisha limefungwa. Ukisahau ukaianika nje asubuhi, jioni ungeikuta na unga mweusi, laini kama poda. Vumbi la kawaida ukilikung'uta linatoka. Hili ukiligusa linajipaka zaidi. Lilikuwa masizi ya dizeli, na kulitoa kulihitaji sabuni ya kipande, jua kali na matusi kidogo.

Wageni hudhani Mlolongo ni jina la mto au la mzee fulani wa zamani. Hapana. Ni mlolongo wa malori. Malori yalipanga foleni Barabara ya Mombasa yakingoja mizani, madereva wakashuka kutafuta chakula, mama mmoja akatenga sufuria, mwingine akajenga vyumba vya kulala wageni, na mji ukamea kando ya foleni. Msongamano ndio uliotupa jina. Kwa hivyo mtu mwenye suti akisimama mbele ya kamera kuniambia kuhusu "ushoroba wa kijani", naona nina haki ya kumuuliza maswali.

Ushoroba wenyewe unaitwa Ushoroba wa Kaskazini. Unaanzia bandarini Mombasa, unapita mlangoni kwetu, unaenda Nakuru, Eldoret, Malaba, unaingia Kampala, halafu unagawanyika kuelekea Kigali, Bujumbura, mashariki mwa Kongo na Juba. Mkataba wake wa kwanza ulitiwa saini 1985, na sekretarieti yake iko Mombasa. Miaka hii wimbo wa mikutano ni mmoja: tusafirishe mizigo bila kuchafua hewa, tupunguze hewa ukaa, tufanye hivyo pamoja kama majirani wema. Siupingi wimbo. Ninachopinga ni kwamba kila mwimbaji anaimba akiwa amejifungia chumbani kwake.

Sisi wa ploti tunaelewa ushoroba kuliko mawaziri, sema tunauita koridoo. Umewahi kuishi ploti ya vyumba kumi na viwili? Basi unajua. Kila mpangaji amepaka chumba chake rangi, ameweka pazia na televisheni ya inchi 43, na mlangoni ametia kufuli ya kutisha wezi wa kaunti nzima. Koridoo je? Giza. Taa haiwaki kwa sababu hakuna anayetaka iunganishwe na mita yake. Namba 4 anawasha jiko la makaa mlangoni kwake, moshi unalala namba 9. Kila mtu analalamikia koridoo, na kila mtu anamngoja mwingine ashike ufagio. Hivyo ndivyo Afrika Mashariki inavyobeba mizigo yake.

Nikupe mfano, usiseme naongea tu. 2013 marais wa Kenya, Uganda na Rwanda walikubaliana kujenga reli moja ya kisasa kutoka Mombasa hadi Kigali, iwe imefika 2018. Picha zilipigwa, mikono ikashikwa. Tangu mwaka huo huo Wakenya tumekuwa tukilipa ushuru wa maendeleo ya reli kwa bidhaa zinazoingia nchini, hata wewe ambaye hujawahi kupanda treni. Kisha kila mpangaji akarudi chumbani. 2016 Uganda ikaamua bomba lake la mafuta lipite Tanga, si Kenya. 2018 Rwanda ikakubaliana na Tanzania kujenga reli yao ya kutoka Isaka. Sisi tukaendelea na yetu: Mombasa hadi Nairobi 2017, Nairobi hadi Suswa 2019. Suswa tukakwama. Kigali haikuonekana hata kwa darubini.

Na reli yenyewe tukaijenga ya dizeli.

Ngoja nirudie, kwa sababu hapa ndipo damu yangu huchemka. Kenya ni nchi ambayo takriban asilimia 90 ya umeme wake hautokani na mafuta. Tuna mvuke wa ardhini pale Olkaria, tuna mabwawa ya Mto Tana, tuna upepo wa Turkana. Na sisi, pamoja na hayo yote, tuliingia mkopo mkubwa wa China kujenga reli mpya ya karne ya 21 halafu tukaiwekea injini zinazokunywa mafuta tunayoyanunua Ghuba kwa dola.

Mwaka jana nilimsindikiza rafiki Suswa, ana shamba dogo upande wa Duka Moja. Ukisimama pale ukageuka polepole, utaona kitu ambacho kingepaswa kufundishwa shuleni. Milingoti mikubwa ya umeme inashuka kutoka pande zote. Ule laini mmoja unatoka kwenye upepo wa Loiyangalani. Mwingine unatoka Olkaria, karibu tu hapo. Mwingine umesafiri zaidi ya kilomita elfu moja kutoka mabwawa ya Ethiopia, na tangu 2022 umekuwa ukituletea stima. Upepo, mvuke na maji vyote vinakutana Suswa. Na reli yetu nayo inaishia papo hapo Suswa. Ukibahatika utasikia kichwa cha treni kikinguruma chini ya nyaya hizo, kikitoa moshi.

Rafiki yangu aliniuliza kwa nini nimenyamaza. Nilikuwa nafikiria shati la shule.

Sasa sikiliza lililo baya zaidi. 2024 Uganda ilitia saini mkataba na kampuni ya Kituruki, Yapi Merkezi, kujenga reli ya umeme kutoka Malaba hadi Kampala. Ni kampuni hiyo hiyo iliyowajengea Watanzania kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro, ambacho treni zake za umeme zilianza kubeba abiria 2024. Kwa hivyo fikiria siku reli ya Uganda itakapokamilika. Treni ya Kampala inafika Malaba ikitumia umeme. Yetu, tukiwa tumefanikiwa kuifikisha huko bila kubadilisha mpango, inafika Malaba ikitumia dizeli. Zote mbili zina upana mmoja wa reli. Lakini pale mpakani itabidi kichwa kimoja kifunguliwe, kingine kifungwe, mabehewa yangoje, makaratasi yangoje, kontena la mfanyabiashara wa Kampala lingoje. Tutakuwa tumejenga Mlolongo mwingine, safari hii wa chuma.

Najua jibu litakalokuja. Limekaririwa kwenye kila runinga: "Afrika inachangia kiasi kidogo sana cha hewa chafu duniani. Wazungu na Wachina ndio walioharibu. Kwa nini sisi ndio tujinyime?" Nusu ya kwanza ni kweli kabisa, na anayedai fidia kwa waliochafua niko nyuma yake na bango langu. Lakini swali langu halihusu barafu ya ncha ya dunia. Linahusu koridoo. Tangu 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameuweka moshi wa dizeli kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Moshi huo haungoji hesabu ya nani amechafua zaidi duniani. Unaingia kwa pua ya mtoto anayeuza njugu kwa madereva Salgaa, na kwa mama wa chapati Mariakani. Tena dizeli si zawadi, ni bili. Vita vilipolipuka Ukraine 2022, bei ilipanda huku, na ilipanda hadi kwa unga.

Na dizeli inatugombanisha. Desemba 2023 Uganda iliishtaki Kenya katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki kwa sababu ya leseni ya kuingiza mafuta kupitia kwetu. Majirani walipelekana kortini juu ya petroli na dizeli ambayo hakuna hata mmoja wao anayeichimba! Baadaye walipatana, sawa. Lakini linganisha na stima. Kenya na Uganda zimekuwa zikipeana umeme kwa miaka mingi, ukipungua huku unatoka kule. Ethiopia inatuuzia. Tanzania nayo sasa imeungwa na sisi kwa nyaya. Umeme umeshavuka mipaka yetu bila pasipoti na bila kupigwa muhuri. Kwa hivyo mtu asiniambie kwamba ushirikiano hauwezekani hapa. Unawezekana, tunauona kila usiku tukiwasha taa.

Kuna hoja nyingine, na hii ni ya watu wenye akili, kwa hivyo nitaijibu kwa heshima. Wanasema: stima yenyewe inapotea kila siku, treni utaiendesha na nini? Ni kweli. Saa moja jioni, kila nyumba ikiwa inapika na kutazama habari, umeme wetu hubanwa. Lakini saa tisa usiku hali ni tofauti. Viwanda vimelala, watu wamelala, na huko Olkaria mvuke ambao ungezungusha mitambo huachiliwa tu angani kwa kukosa mnunuzi. Na mzigo, tofauti na mimi na wewe, haujali kusafiri saa tisa usiku. Kontena la mitumba halisinzii. Treni moja ya mizigo ya SGR huvuta hadi makontena 108 ya futi 20. Lori moja hubeba mawili. Fanya hesabu mwenyewe: ni malori 54 yasiyopita mlangoni kwa mama yangu, yakivutwa na mvuke tunaoutupa.

Na sio kwamba hakuna wa kuigwa. Reli ya Addis Ababa hadi Djibouti, karibu kilomita 750, inatumia umeme. Nchi mbili, kampuni moja: Ethiopia ina hisa 75, Djibouti 25 kwa kila mia. Haijawa mteremko. Umeme umewakatikia njiani, nyaya zimeibwa. Lakini hata shida zao ni za watu walioamua kwamba koridoo ni yao wote wawili. Taa ikizima, wote wawili wako gizani, kwa hivyo wote wawili wanatafuta fundi.

Mpaka hapo umeona nimewapiga mawaziri. Sasa nitawageukia watu wa upande wangu, wanaharakati wa mazingira, kwa sababu sisi nasi tuna deni.

Baba yangu aliendesha trela Mombasa hadi Kampala kwa miaka kumi na tisa. Huniita Mama, kwa sababu nimerithi jina la mamake. Nilipomwambia naandika kuhusu malori na moshi, alizima redio kwanza.

"Unataka kuandika kwamba sisi ndio wachafu?"

"Hapana, Baba. Nataka kuandika kwamba mizigo iende kwa treni ya umeme."

"Hiyo mlishatuletea, Mama. Ya dizeli lakini. Unakumbuka 2019?"

Nakumbuka. Mwaka huo serikali iliamuru mizigo itoke bandarini kwa SGR, upende usipende. Mombasa watu waliandamana wiki baada ya wiki. Miji ya njiani, Mariakani, Mtito Andei, Emali, ilianza kukauka kama mti uliokatwa mzizi: hoteli zikafunga, mafundi wa magurudumu wakakosa kazi, wauza mafuta wakatazamana. Hakuna aliyekuwa amewauliza watu hao kitu. Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto alitangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zitarudi Mombasa, na watu walishangilia. Walishangilia lori. Wewe mwanaharakati ulikuwa wapi walipokuwa wakilia? Ulikuwa kwenye warsha ukijadili hewa ukaa na chai ya maziwa.

Nilimuuliza Baba kama angekubali lori lake lifanye safari fupi tu, kutoka kituo cha treni hadi ghalani, arudi nyumbani kila jioni.

"Kulala kitandani kwangu kila siku? Mtu gani angekataa? Unajua 2020 nilikaa Malaba siku ngapi?" Ilikuwa wakati wa korona, madereva wakingoja matokeo ya vipimo, foleni ikiwa makumi ya kilomita. Alilala ndani ya lori siku sita. Kila upande wa mpaka ulikuwa na sheria yake, na cheti cha upande mmoja hakikuaminika upande wa pili. "Lakini mkopo wa lori nitaulipa na nini? Safari fupi pesa fupi. Swali lako si baya, Mama. Baya ni kwamba hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniuliza."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mpango wowote wa kijani usio na jibu kwa swali la Baba utapinduliwa na uchaguzi unaofuata, na utastahili kupinduliwa. Mizigo itahama kutoka barabarani kwenda kwenye reli ikiwa tu dereva ana njia ya kuhama nayo: mkopo wake kupangwa upya, safari za karibu kupewa kwanza wenye lori moja au mawili badala ya mabwenyenye wenye mia, na miji ya njiani kupewa maghala na vituo vya kupakia badala ya pole. Hilo nalo haliwezi kufanywa na nchi moja. Dereva wa Uganda anakula Mlolongo. Tanboi wa Kenya ana mke Busia upande wa pili. Ukimtunza mmoja ukamwacha mwingine, mzigo utamfuata yule anayelipwa kidogo na moshi utaenda naye.

Kisha kuna malori yatakayobaki, maana yatabaki. Leo Kenya inakataa kuingiza gari lililotumika zaidi ya miaka 8, Uganda inaruhusu hadi 15. Ni ushoroba mmoja na barabara moja, lakini tunapima uzee kwa kalenda mbili. Na bado tumewahi kukubaliana. Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni, kutoka 500. Hapakuwa na sherehe kubwa, hakuna aliyekata utepe, na wengi wenu hamkujua. Lakini ilifanyika, kwa sababu kwa mara moja wapangaji walikaa kikao na kusema: kuanzia tarehe fulani, makaa haya hayawashwi tena kwenye koridoo.

Kwa hivyo msitudanganye kwamba jambo hili ni gumu kwa sababu ya teknolojia. Stima tunayo, na imeshavuka mpaka. Upana wa reli tumekubaliana. Majirani zetu wa kusini na kaskazini wameshaweka nyaya juu ya reli zao, wa magharibi ametia saini. Aliyebaki ni sisi, tulioshika lango la bandari, tulio na umeme safi, na tunaoringa kwamba ndio wakubwa wa ploti. Kila waziri anataka mradi wenye bendera ya nchi yake na jiwe lenye jina lake. Waya unaofika Malaba na kuendelea hadi Kampala hauna pa kuchongwa jina la mtu mmoja. Nadhani ndiyo sababu haujawekwa.

Wewe unayesoma hii kwenye simu, pengine ukiwa ndani ya matatu iliyokwama nyuma ya trela Gitaru au Mlolongo, hauko nje ya hadithi. Simu hiyo ililetwa na kontena. Viatu vile vile. Ushuru wa reli umeshakatwa kwako. Kwa hivyo ukisikia kuna mkutano mwingine wa ushoroba wa kijani, hotelini, majani ya plastiki mezani, usiandike "hongera". Uliza mambo matatu. Waya kutoka Mombasa hadi Malaba utawekwa lini, na Uganda imesaini wapi? Dereva mwenye lori la mkopo ametengewa nini, na je, kuna yeyote kama yeye aliyekaa kwenye kikao hicho? Na hewa ya Mlolongo, Salgaa na Malaba inapimwa na nani, matokeo yanabandikwa wapi tuyasome?

Wakishindwa kujibu, wajue tumeona.

Mama bado anaanika nguo nyeupe ndani. Mimi nilihama, naishi Kasarani, lakini nikienda kumtembelea huwa nabeba shati la rangi. Juzi mtoto wa dada yangu, darasa la tatu, alianika sweta yake nje akasahau. Bibi yake hakumgombeza. Alichukua sabuni ya kipande, akaketi kwenye kigoda, akaanza kufikicha.